Mshika Waya Achagua Maiki

Jumamosi, 10 Julai 2004
Harusi Mnero. Waya wa maiki mita ishirini, mimi nyuma ya Somoe, mwimbaji wetu, kama kawaida. Anakwenda kwa bibi harusi, nalegeza. Anarudi, nakusanya. Shangazi mmoja kaukanyaga mara tatu, ya tatu Somoe nusura aangukie meno. Akacheka, akaendelea kuimba. Yule dada Mungu kamjalia koo. Mgongo unauma. Miaka kumi na moja ya kuinama nyuma ya mtu.

Jumatatu, 12 Julai
Kikao kwa Mchopa, kiongozi wetu. Kasema bendi za Dar siku hizi zinaimba bila waya, sisi Nachingwea tumebaki kama tumefungwa kamba za mbuzi. Mfanyabiashara mmoja hapa mjini kaleta seti mbili za maiki zisizo na waya. Tujaribu zote, tuchukue moja. Nani achague? Wakanitaja mimi: Bakari, ndiye anayejua sauti. Wote wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi.

Nimefika nyumbani ndipo akili ikanirudi. Bila waya, mshika waya wa nini?

Alhamisi, 15 Julai
Majaribio uwanja wa mpira. Seti ya kwanza ina maiki mbili, nyekundu na bluu, nyepesi kama kibiriti. Mchopa kazipenda papo hapo, maana waimbaji wawili watashika kila mtu yake. Ya pili ni maiki moja tu, nyeusi, nzito, chuma kitupu. Risiva yake, kile kisanduku kinachopokea sauti, ina antena mbili. Bei sawa.

Somoe katembea huku anaimba. Za rangi: hatua thelathini, sauti inakatika. Mtu akipita katikati, inakatika. Jenereta ikiwaka, inakwaruza kama mtu anakuna sufuria. Nikawasha zote mbili pamoja, zikagombana. Wakati huo Mchopa yuko kwa muuza machungwa, hakusikia kitu.

Nyeusi sasa. Somoe kavuka uwanja, kaingia nyuma ya ukuta wa shule. Simwoni. Namsikia kama yuko begani kwangu. Mwili ukanisisimka. Halafu nikakasirika.

Ijumaa, 16 Julai
Hapa hapasomi mtu, niseme. Nikichagua za rangi, Mchopa atafurahi. Mwezi hautaisha zitakuwa zimekufa. Waya utarudi, na mimi nitarudi nao. Hakuna atakayejua. Haya yote nimeyawaza msikitini, imamu anahutubia. Astaghfirullah.

Mke wangu kaniuliza mbona ugali naupapasa tu. Nikanawa mikono nikatoka nje.

Jumapili, 18 Julai
Nimesema nyeusi. Mchopa kanuna. Nikamweleza kila kitu, kukatika, jenereta, kugombana. Akakubali shingo upande. Kasema tukienda Nkowe nikae kwenye mikisa, niongeze na kupunguza sauti, "kwa sasa". Kwa sasa! Hamisi wa kinanda anaimezea mate ile mikisa tangu mwaka juzi.

Somoe kanifuata nje. Kaka Bakari, kasema, ungeweza kudanganya. Nikamwambia aende zake.

Kwa nini sikudanganya? Kwa sababu ya sauti yake. Nimeitunza miaka kumi na moja, sikuweza kwenda kuifungia kwenye kikopo cha bluu. Basi. Nina hofu.

Jumamosi, 24 Julai
Nkowe, wilaya ya Ruangwa. Mwali anatoka unyagoni. Lori tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye kope. Saa nne asubuhi watu wamejaa.

Wanawake wana uwa wao wa nyasi, mwanaume hakanyagi. Zamani mimi niliishia mlangoni, waya ukaishia hapo, na Somoe akaishia hapo. Leo hana wa kumzuia. Wanawake wakamvuta ndani kwa vigelegele, maiki mkononi. Hakuizima. Hajawahi kuzima maiki maisha yake yote, kazi hiyo ilikuwa yangu. Na mimi, bwege, sikumfundisha.

Mara spika zikaanza kusema. Si Somoe. Ni nyakanga, bibi anayewafunda wali. Mafunzo yenyewe, ya ndani kabisa. Uwanjani yuko baba wa mwali, wakwe zake, shehe. Tuliganda. Mzee mmoja kajifunika uso kwa kofia. Mpiga ngoma wetu anacheka ndani ya kiganja, mshenzi yule.

Maneno matano, sita. Nikashusha sauti. Pale kwenye mikisa kuna tundu la kusikilizia masikioni, ningeweza kusikia peke yangu mpaka mwisho. Nikaichomoa risiva kwenye umeme kabisa.

Zile za rangi zingekatika kwenye uzio. Hii niliyoisifia ilipita kwenye nyasi kama hakuna kitu. Wazee wakauliza mtambo huu wa nani. Mchopa akanyoosha kidole: Bakari ndiye aliyeuchagua. Ni kweli tupu, na iliniuma kuliko uongo.

Jumapili, 25 Julai
Tumelala Nkowe, wazee hawajaturuhusu kuondoka. Asubuhi nyakanga kaniita. Bibi mfupi, anachanganya Kiswahili na Kimwera. Umesikia nini? Nikamwambia, bibi, nimesikia unaongea na wajukuu zako, nikazima. Kaniuliza mara tatu. Mara tatu nikajibu hivyohivyo. Kanitazama mpaka nikaanza kutazama viatu vyangu.

Maji yakimwagika hayazoleki, kasema, lakini wewe uliwahi mtungi. Faini kuku mweupe na unga. Nimetoa. Somoe analia njia nzima ndani ya lori. Mchopa hasemi na mimi.

Jumatano, 28 Julai
Mchopa katuma mtu. Nipumzike kidogo, Hamisi atashika mikisa. Nikajibu sawa. Siyo sawa hata kidogo. Nimechukua pampu nikaenda kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga wa njano. Macho yanawasha. Nikimwambia mke wangu ni salfa, ataamini.

Jumanne, 3 Agosti
Niko shambani, Mchopa huyo na baiskeli. Kachukua pampu kapulizia mikorosho miwili, shati lote la njano. Nikamwacha apulizie na wa tatu.

Ndipo akasema. Kilimarondo wali saba wanatoka Jumamosi, wanaitaka bendi. Nyakanga wao ana habari zote za Nkowe. Ametoa sharti: kwenye mashine akae yule mwanaume aliyezima. Kama hayupo, bendi isije. Mchopa akaomba radhi pale pale, kuhusu kile kidole. Nikamwambia alete pampu, ameyaruka majani yote ya chini.

Nilicheka nilipobaki peke yangu. Nikalia pia, kidogo.

Jumamosi, 7 Agosti
Kilimarondo. Jua kali, upepo kidogo. Somoe kaimba vizuri sana.

Wakati wa kuingia uwani ulipofika alikuja mwenyewe kwenye mikisa, akanikabidhi maiki. Ameizima. Nikahakikisha. Wanawake wote wakaingia, bendi ikanyamaza. Wanaume tukakaa tukisubiri. Mchopa kaketi kando yangu. Uwani walikuwa wanaimba kwa makoo yao tu, kwa mbali, na sikutega sikio.

Maiki nimeipakata mapajani. Bado ina joto la mkono wake. Nikaupa ule uwa mgongo, nikatazama njia ya mashambani mpaka wanawake waliponiita.