Namba Mpya ya Sefu

Wendell,

Maharage na nyama yapo jikoni kwenye moto mdogo, yakoroge ukiingia. Mkate wa mahindi nimeufunika kwa kitambaa. Nimekwenda mjini Abilene kumchukua mjukuu wako Maisie, tutarudi saa saba.

Bastola yako usihangaike kuitafuta. Asubuhi nimeikuta bafuni juu ya rundo la taulo, imo kwenye mfuko wake na risasi zote ndani. Wewe ulishakwenda kutengeneza ua wa ng'ombe, mkanda mtupu kiunoni! Maisie ana miaka minne, mume wangu, na taulo anazifikia.

Nimechomoa magazini ya risasi, nimetoa risasi iliyobaki kwenye mtutu, nimechungulia mara mbili kama ulivyonifundisha, kisha nimeifungia kwenye sefu. Halafu nikakumbuka kwamba saa nane unafundisha watu tisa wanaotaka leseni ya kubeba silaha, na siku zote unaanza kwa kuwaonya wasisahau bastola chooni wala bafuni. Nikacheka peke yangu mpaka mbwa akashangaa.

Namba ya sefu nimeibadilisha. Sasa ni tarehe ya harusi yetu: mwezi, siku, mwaka. ~~Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Mei.~~ Hapana, sikusaidii.

Ukikwama usinipigie simu. Nenda darasani kiuno kitupu, uwaeleze wanafunzi wako kwa nini. Hawatalisahau somo hilo.

Bibi yake Maisie,
mkeo kwa miaka thelathini na minane kamili wiki ijayo.

(Haya, mwaka nimekupa bure.)