Ubao wa Mjomba Athmani na Amplifaya Tatu

Mpendwa Bi Sidi,

Shikamoo mama. Naomba unipokee katika safu yako ya gazeti na jambo lililonikaa kifuani, maana hapa kwetu kila ninayemwuliza ana upande wake, na wewe angalau hutujui.

Mimi ni mpiga gita, kijana wa Munje, na tangu nilipoacha shule nimekuwa nikipiga katika bendi ya mjomba wangu Athmani wa Bongwe, kaka wa mama yangu, bendi inayowachezesha wageni katika hoteli moja ya Diani ambayo nakuomba usinilazimishe kuitaja, na huyo mjomba ndiye aliyenitia gita mkononi mwaka ule wa Uhuru, mimi na mwanawe Mwero, tukilipokezana hilo hilo moja kwa sababu hatukuwa na la pili. Mwero na mimi tumekula sahani moja na kulala mkeka mmoja, na mpaka mwaka jana mtu akituuliza tulikuwa tukijibu kwamba sisi ni ndugu, hatuingii katika maelezo ya nani mtoto wa dada na nani mtoto wa kaka.

Sasa mjomba alikuwa na ubao. Huenda hujawahi kuuona mfano wake, basi nikueleze: ni kipande cha mlango wa zamani alichokipigilia vikanyagio vinne vya umeme, alivyovipata kimoja kimoja kwa wanamuziki wa Kizungu waliokuja kupiga hotelini wakarudi kwao, na waya wa gita unaingia upande mmoja wa ubao ukatokea upande wa pili kwenda kwenye amplifaya, nawe ukikanyaga hiki sauti inakwaruza, ukikanyaga kile gita linalia kama mtu, na kingine kinaleta mwangwi hata utadhani unapiga ndani ya kisima. Hakuna bendi nyingine huku kusini yenye kitu kama hicho. Ubao ni mmoja na magita mawili, kwa hiyo mjomba aliweka kanuni, kwamba ubao ni wa yule ambaye zamu yake imefika na mwenziwe anapiga kavu, bila ubao, na mkono wa mjomba mwenyewe ndio uliokuwa ukihamisha waya, na hakuna aliyethubutu kunung'unika.

Mjomba alifariki mwaka jana baada ya kuugua, Mungu amrehemu, na hakuusia lolote juu ya ubao. Hapo ndipo mimi na Mwero tulipoanza kuugombania, maana hakuna aliyetaka tena kupiga kavu, akawa yeye anauvuta na mimi nauvuta, mpaka Mwero akaunga nyaya za kugawa, magita yote mawili yakaingia ubaoni kwa pamoja, na kutoka ubaoni sauti ikaenda kwenye amplifaya tatu kwa mpigo, yangu, yake na ile kubwa ya hoteli. Tukafurahi kwamba tumepata suluhu. Lakini amplifaya zikaanza kuvuma, mvumo mnene usiokoma, hata tukiwa hatujagusa nyuzi, na wageni wakawa wanahama meza za mbele, mpaka meneja akatuita akasema, "Mvumo huu nikiusikia tena Jumamosi, kusanyeni vyombo vyenu muende."

Mimi nilikuwa nimemsikia mpigaji mmoja kutoka bara akisema kwamba mvumo wa namna ile unatokana na ule waya wa kijani ulio ndani ya plagi, na kwamba ukiukata kwenye amplifaya zote ukabakisha moja, mvumo unakufa. Basi siku moja nilitangulia kufika, nikafungua plagi ya Mwero na ya hoteli nikazikata zile nyaya za kijani, plagi yangu nikaiacha, na kweli mvumo ulikufa pale pale, meneja akatushika mikono kwa pongezi, na walipouliza nimefanyaje nilicheka tu nikasema ni ufundi. Nalitaja hili kwa kupita, ili ujue kwamba kila mmoja wetu ameutumikia ubao huo.

Lililonileta kwako ni hili. Jumamosi moja Mwero aliingia katika zamu yangu, ile sehemu ambayo mjomba alikuwa akiniachia mimi kila siku, akakanyaga vikanyagio vyote akapiga yeye, na wageni wakashangilia. Nilipandwa na hasira, mama, siwezi kuficha, nikauchomoa waya wa amplifaya yangu pale ubaoni nikasimama nimekunja mikono. Mwero hakunijali, akasogea kwenye maikrofoni ya hoteli, yenye mashine yake mbali na amplifaya zetu, aimbe kiitikio, na midomo ilipoigusa tu nikamwona ametetemeka mwili mzima, vidole vimekaza juu ya nyuzi hawezi kuziachia, kisha akatupwa nyuma akaanguka na gita lake. Wageni walipiga makofi wakidhani ni mchezo. Alizinduka, alhamdulillahi, lakini mdomo ulibabuka na vidole viwili vya mkono wa kushoto mpaka leo havina hisia sawasawa.

Habari zilifika Bongwe na Munje kabla yetu. Mama yangu aliposikia alisema, "Mjombao amenena neno lake." Kwa maana kwetu sisi Wadigo, mali ya mtu tangu zamani ilikwenda kwa watoto wa dadake, dini ikatufundisha kwamba mwana ndiye mrithi, na hadi leo kila nyumba inavuta upande unaoipendeza, sasa watu wote wa upande wa mama wanasema kwamba koma ya mjomba, mzimu wake, imemkataa Mwero na kunichagua mimi, kwa sababu wote wawili tulikuwa kwenye ubao ule ule na mimi sikuguswa. Bi Kibibi, mama yake Mwero, anataka twende kwa kadhi, na alinikuta njiani akaniambia akilia, "Mbwana, mimi nimekunywesha uji kwa mkono huu, leo wafurahi mwanangu kukataliwa na babake?" Nikainamisha kichwa nikampita.

Na Mwero mwenyewe, mama, ndiye anayeniumiza. Hagombi tena. Alikuja kwetu akakaa kizingitini akasema, "Uchukue, Mbwana. Baba hataki nikanyage kitu chake." Alisema vile bila chuki yoyote, na tangu anguko lile, wakati anapopiga, sijawahi tena kuuchomoa waya wangu, sijui kwa nini.

Wazee wanakutana Bongwe Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na inavyoonekana watanipa mimi. Nikipewa nitauhamishia Munje siku hiyo hiyo nianzishe bendi yangu, na Mwero amekwisha kukubali kupiga Matuga ukumbini Jumamosi inayofuata, yeye na amplifaya yake peke yake, bila ubao. Nataka kuuchukua, sitasema uongo, lakini moyo hautulii. Niupokee kwa kuwa mila na mjomba mwenyewe wamenipa, au nimwachie Mwero kwa kuwa ndiye wa kuzaliwa?

Wako mtiifu,
Mbwana, Munje

*

Mbwana mwanangu,

Marahaba. Barua yako nilipoimaliza nilifunga mlango wa ofisi nikaenda nayo kwa fundi wa redio ninayemwamini hapa Mombasa, kwa sababu palikuwa na mahali paliponitisha. Alisoma akafika pale ulipopita "kwa kupita", akasema, "Huyu kijana aambiwe leo." Kwa hiyo jibu hili limetangulia kwako kwa basi la asubuhi, na hapa gazetini nalichapisha kwa ajili ya bendi nyingine zenye ubao mmoja na kisu.

Umeniuliza juu ya urithi. Subiri. Nikuulize mimi kwanza: ulipozikata zile nyaya za kijani, Mwero ulimwambia?

Hukumwambia. Ulicheka ukasema ni ufundi.

Basi sikiliza ufundi wako ulifanya nini. Ule waya haukuwekwa pale kupamba plagi. Kazi yake ni kuuchukua umeme unaovuja ndani ya chombo kuupeleka ardhini, usije ukatafuta njia katika mwili wa mtu. Ulikata wa Mwero, ukakata wa hoteli, wako ukauacha mzima. Tangu siku hiyo amplifaya ya ndugu yako haikuwa na kinga yake yenyewe. Ilikuwa ikiegemea yako, kwa kupitia nyaya za huo ubao mnaoupigania. Mlipokuwa mmeunganishwa alikuwa salama, na wewe ulipochomoa waya wako kwa hasira uliiondoa kinga yake yote. Akabaki ameshika gita lenye umeme, akaweka mdomo kwenye maikrofoni ya hoteli, ambayo mashine yake ina waya wake mzima wa ardhini, na umeme ukapita kwake. Wewe hukuguswa kwa sababu ulikuwa umekunja mikono, hukushika nyuzi wala maikrofoni. Hapo hapana koma, Mbwana. Usimsingizie marehemu, hawezi kusimama akajitetea.

Unaniambia kwamba tangu siku ile huuchomoi waya wako Mwero anapopiga, na kwamba hujui kwa nini. Mimi sikubali. Mkono wako unajua, na moyo unaosema hautulii unajua. Kilichobaki ni ulimi.

Nakuonea huruma, tena sana. Hukukusudia kumdhuru mtu. Ulikuwa unaogopa bendi isifukuzwe, ukafanya ulilosikia kwa mwenzako, na wangapi hawafanyi hivyo? Mwenye kukuita muuaji nitamkatalia. Lakini tazama mambo yanavyokwenda. Ijumaa wazee watakupa ubao, utaubeba uende nao Munje na nyaya zake na amplifaya yako. Jumamosi Mwero atasimama Matuga mbele ya maikrofoni na amplifaya uliyoikata, bila chochote cha kuegemea. Safari iliyopita ilimtupa. Fundi anasema safari nyingine huenda isimtupe, ikamshika. Ukishinda Ijumaa kwa namna hiyo, Jumamosi mtakuwa mnatafuta sanda, na kwenye matanga watu watasema tena kwamba ni mjomba, nawe utakaa humo humo ukinywa kahawa yao.

Na kuna jingine ulilomtendea, ambalo mimi linanichoma zaidi ya ule mdomo uliobabuka. Kijana huyu amefiwa na baba, na sasa anaamini kwamba baba yake hamtaki. Amekuja kizingitini kwako kukupa kitu anachokipenda kwa sababu anadhani amekataliwa kutoka kaburini. Ulimsikia akisema hivyo ukanyamaza! Bi Kibibi alilia mbele yako ukanyamaza. Mama yako akaitukuza koma ya kaka yake, ukanyamaza hapo pia kwa sababu ulikuwa unafaidika. Hasira yako ile ya hotelini naisamehe, ilikuwa ya dakika moja. Huu unyamavu umeendelea kila siku, na huu ni wako wa kukusudia.

Sasa fanya hivi. Barua hii ikifika, amplifaya ya Mwero na ile ya hoteli zisichomekwe ukutani na mtu yeyote, hata kwa wimbo mmoja, mpaka fundi wa umeme azirudishie nyaya zake. Meneja naye mwambie, maana hujui nani mwingine anaitumia ile kubwa. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Hicho kibarua utapata kingine.

Kuhusu mvumo, fundi wangu anasema chanzo chake ni ile tamaa yenu ya kuutia ubao mmoja kwenye amplifaya tatu kwa wakati mmoja. Toeni nyaya za kugawa. Ubao uingie amplifaya moja, ya mwenye zamu, na mwingine apige kavu, kama alivyowazoeza aliyekuwa na akili kuwashinda nyote wawili. Na kama fundi atakuwa na dawa nyingine isiyogusa ule waya wa kijani, mpeni kazi.

Kisha umtafute Mwero, si kwa barua wala kwa kumtuma mtu. Chukua ile plagi uifungue mbele yake, umwonyeshe mahali ulipokata, umwambie maneno haya bila kuyapamba: "Ni mimi niliyekata, na ni mimi niliyechomoa. Baba yako hakukukataa." Ukitaka kuongeza sababu na maelezo, ngoja aulize. Kutoka hapo nenda kwa mama yako, naye atakuwa mgumu kuliko Mwero, kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa kwamba si kaka yake aliyenena.

Ijumaa uende Bongwe kama ulivyopanga, lakini usingoje wazee waanze. Simama kabla hawajasema neno juu ya ubao. Wakishasikia, waamue watakavyo, kwa mila au kwa sheria ya dini. Mimi si kadhi wala si mzee wa Kidigo, sitaingia humo. Wakikupa baada ya kusikia yote, upokee bila aibu. Wakimpa Mwero, umbebee mpaka nyumbani kwake. Ninachokukataza ni kuupokea kwa ushahidi uliotengeneza wewe mwenyewe kwa kisu, huku shahidi wako mwingine, mjomba, amezikwa.

Utaniuliza, je, akinichukia? Pengine atakuchukia. Pengine Bi Kibibi atakufunga mlango, na bendi itavunjika, na hata ukimwamkia njiani asiitikie kwa muda mrefu. Sina dawa ya hayo, na sitakudanganya kwamba yatapita upesi. Mwero ana haki ya kukukasirikia. Mpelekee haki yake leo, Mbwana, maadamu yu hai wa kukasirika.

Akutakiaye heri,
Bi Sidi