Mlango wa Njano Nilioupaka Kijivu

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na ujue neno hilo sijawahi kuliandika tangu nishike kalamu, maana mimi ndiye wanayemwita Mzee Sibabaiki, nyumba hii nimeijenga kwa mikono hii, shule nilisoma darasa moja na nusu lakini nionyeshe ukuta nitakuambia umepinda wapi bila kupima.

Shida ni mlango wa gereji hapa nyumbani. Gari lenyewe lilishakufa, humo siku hizi kuna baiskeli mbovu na magunia, lakini mlango ni mpana, wa chuma, unatazama barabara, na tangu watoto wakiwa wadogo ulikuwa wa njano, njano ya kiini cha yai, rangi aliichagua mama watoto. Mtaa mzima milango ni ya kijivu na kuta za kijivu, wetu tu ndio njano, na yule seremala jirani kila akipita ananichokoza, "Mzee, zima taa, kumekucha!" Nikavumilia mpaka nikachoka. Mama watoto alipokwenda kumwuguza dada yake nikasema nimshangaze, nikakwangua kutu, nikapiga msasa, nikapaka ile ya kuzuia kutu, nikaacha ikauke, nikapaka kijivu mara mbili, peke yangu, juu ya ngazi, umri huu, na halikudondoka tone. Seremala mwenyewe alisimama akakosa neno. Nikawaambia wote waliokuwepo, rangi hii haibadilishwi mpaka siku ya kunizika.

Mama watoto akarudi jioni, peke yake kama kawaida yake, akashuka basi pale kona, akatembea, akapita nyumba yake. Mshauri, akaipita! Akafika mwisho wa mtaa, akageuka, akaingia kwa watu akawa anahangaika na ufunguo kwenye kitasa kisicho chake, mwenye nyumba akapiga kelele za mwizi, watu wakajaa. Waliomtambua wakamshika mkono wakaniletea, kitambaa cha kichwa kimemvuka. Nikaona aibu, nikamwuliza mbele yao, "Nyumba uliyolala miaka yote hii leo umeisahau? Umerogwa au umelewa?" Aliuliza tu, "Mlango wangu uko wapi?"

Tangu siku hiyo hatoki. Alikuwa mtu wa sokoni, wa misibani, wa kwaya, sasa ni yeye na kiti cha jikoni. Na mambo yake yamekuwa ya ajabu, akimimina chai anatia kidole kikombeni, nguo zangu anazipapasa kama mnunuzi wa mtumba ndipo anikabidhi, na juzi nilikuwa nimekaa kimya sebuleni akaja akanikalia mapajani, mimi nikacheka, yeye hakucheka. Binti yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu, amenipigia simu, "Baba, mama akili inamtoka. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua, wewe hutaweza kumlea." Mimi! Nisiweze nini mimi? Sitaki aende, nyumba hii bila yeye ni ghala. Lakini nikimwuliza mwenyewe anataka nini, jibu lake ni moja, "Nirudishie njano yangu." Nayo sirudishi, nilishatamka mbele za watu, mtu mzima hali matapishi yake. Nifanyeje akili imrudie na binti asimchukue?

Mimi, Mzee Sibabaiki.

*

Mzee wangu, shikamoo. Nimetanguliza adabu kwa sababu yanayofuata ni makali.

Akili ya mkeo haijaenda popote. Kidole kikombeni kinapima chai imefika wapi, kwa sababu haioni. Nguo anazipapasa kwa sababu hazioni. Alikukalia kwa sababu hakukuona. Macho yanamfifia, baba, na si kwa jana wala juzi. Kila aliposhuka kwenye ile kona, katika mtaa mzima wa kijivu alitafuta kitu kimoja kikubwa cha njano, akakifuata mpaka kwake. Wewe ukakifuta. Halafu alipopotea ukamwuliza mbele za watu kama amelewa! Unauona ukuta uliopinda bila kupima, na mtu wa kitanda kimoja humwoni?

Utasema, mbona hakuniambia? Angemwambia nani, Sibabaiki? Nadhani aliogopa hilohilo analolitaka binti: kuhamishwa, kukalishwa, kushikwa mkono hata kwenda chooni.

Pole nakupa, maana aliyeandika kwamba nyumba bila mkewe ni ghala si mtu mbaya. Ni mbishi tu, na ubishi wake umemfungia mke jikoni.

Kesho usianze na brashi. Keti naye hapo jikoni, umwombe radhi kwa lile neno la kulewa, umwulize anaona nini na haoni nini, kisha unyamaze mpaka amalize. Mpigie binti simu, mwambie asisubiri mwisho wa mwezi, aje mwende naye kwa daktari wa macho. Yako maradhi ya macho yanayotibika, na mimi kutoka hapa siwezi kujua lake ni lipi. Mengi huharibiwa na kuchelewa.

Ndipo upande ngazi. Kijivu chako kikwaruze kwa msasa ili njano ishike, hilo unalijua kuliko mimi. Paka mchana, mtaa mzima ukitazama, waliosikia kiapo chako wakuone unakivunja. Seremala akikuambia uzime taa, mjibu: "Hii ni taa ya mke wangu." Atakosa neno mara ya pili.

Siku moja, daktari akisharidhika, atataka tena kwenda kwa dada yake. Mwache aende. Jioni ikifika miguu itakuwasha umfuate pale kona. Usiende, baba. Kaa sebuleni, na ukisikia ufunguo unaingia kwenye kitasa, usinyanyuke. Mwache afungue mwenyewe.