Nchi Ambako Gari Hulala na Stima

Mpendwa Baba Achieng',

Sasa hivi mtoto wako amechukua kigari chake cha mkebe wa samli, akakifunga kamba ya katani puani, akaingiza ncha ya kamba kwenye tundu la ukuta, pale chini ya dirisha panapopita panya. Nikamuuliza, "Achieng', unafanya nini?" Akasema bila kunitazama, "Napasha moto. Usipite hapo, mama, utakanyaga stima." Sisi wenyewe humu ndani hatuna stima, tuna taa ya mafuta tu. Akajilaza sakafuni kando ya gari akingoja lipate joto, na usingizi umemchukua hapohapo. Ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia.

Ni barua yako iliyoleta haya. Uliandika kwamba huko Kanada baridi ikishika, oili ya gari huganda kama mafuta ya kondoo kwenye sahani, na injini haizunguki hata ukiibembeleza. Kwa hiyo wametia kichuma cha kupasha ndani ya injini yenyewe, waya wake umetokeza mbele, na kila jioni mwenye gari anauchomeka kwenye stima ya nyumba, gari lilale na joto. Ukasema asubuhi moja ulisahau kuuchomoa, ukaondoka unauburuta, watu wakakupungia mkono njia nzima nawe ukadhani wanakusalimia. Nilicheka mpaka jirani yetu Mama Rukia akaja kuuliza kuna nini. Nikamweleza.

"Wacha uongo," akasema. "Gari lifungwe kamba kama mbuzi?"

"Ni kweli, mume wangu ameandika."

"Basi muulize kama wanalikatia na majani."

Mimi niliamini mara moja, kwa sababu ya Molo.

Unakumbuka Molo? Tulikuwa tumeoana juzijuzi. Ulikuwa unaendesha lori la yule tajiri wa mjini, unapeleka omena, wale dagaa wetu wa ziwani, na samaki wakavu kule juu, unarudi na viazi, ukanichukua nikaone nchi. Mimi mtoto wa Port Victoria nilikuwa sijapanda mlima hata mmoja. Hata lugha ya nyumbani tulikuwa hatujapata, wewe Mjaluo mimi Mnyala, tulikuwa tunapendana kwa hiki Kiswahili chetu cha barabarani. Tulilala ndani ya lori. Asubuhi majani yalikuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi, na nilipofungua mdomo kuongea ukatoka moshi, nikaufunga. Ukapiga stata. Lori likakohoa mara moja, likanyamaza. Ukashuka, ukawasha jiko letu la makaa, ukalisukuma chini ya injini. Nikafurahi, nikidhani ni chai.

"Sufuria nilete?" nikauliza.

"Huyu kwanza," ukasema, ukigonga boneti. "Wewe unaweza kutembea. Huyu hawezi."

Halafu ukanivua blanketi ukamfunika yeye. Blanketi la harusi yetu, Baba Achieng'. Mimi nikabaki na leso, nimejikunyata, napepea makaa kwa kifuniko cha sufuria. Mlinzi wa shamba la jirani akapita, akasimama akatutazama.

"Nyinyi watu wa ziwa," akasema, "hata gari lenu linaogopa baridi."

"Haliogopi," ukamjibu. "Linaota moto kama wewe." Maana alikuwa ameshanyoosha mikono kwenye jiko letu.

Tulipepea mpaka oili ikalegea. Lori lilipowaka ulinitazama mimi kwanza, kabla ya kutazama barabara. Sijawahi kukwambia, lakini hapo ndipo nilipokusamehe. Blanketi lenyewe linanuka dizeli mpaka leo, na ndilo Achieng' anajifunika.

Sasa swali lako. Umeuliza kama tutakuja, mimi na mtoto, kwamba chumba umepata na chuo unakosoma kimekubali kusaidia karatasi za safari, ila wanataka jibu mapema. Ningekujibu siku ileile. Tatizo niliisoma barua yote mbele ya mama yako, nikimgeuzia kwa Dholuo, lugha yenu, pamoja na ile ya gari. Mimi nilisoma nikicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anachambua omena, akaacha.

"Nyar Port," akaniita, na unajua akiniita binti wa Port jambo ni zito. "Soma tena hapo pa chuma."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo huko chuma kinakufa na baridi."

"Hakifi, Mama. Kinakataa kuamka."

"Na mtoto aliyeugua kifua kwa mvua yetu hii ya Kisumu, huko ataamka?"

Wewe hukuwepo wakati ule. Kifua cha Achieng' kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta pumzi, na mama yako ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali. Ana haki ya kuuliza. Alichosema ndicho nilichokuwa naogopa mwenyewe, nikikificha ndani ya kicheko. Barua nikaikunja, ikakaa siku nyingi chini ya godoro.

Juzi mimi na Mama tulikwenda ufukweni Dunga kununua samaki. Tukiwa tumesimama pale nikamwambia, "Mama, lile gari haliachwi life. Kila jioni mtu anatoka nje kwenye baridi ileile, analitilia joto ndipo anakwenda kulala. Gari, Mama. Watu wa namna hiyo, na mwanao yuko kati yao, watamsahau mtoto?"

"Mwanangu alikuvua blanketi," akasema. "Ulinisimulia mwenyewe."

"Alinivua mimi kwa sababu nilikuwa na mikono ya kupepea. Angekuwa Achieng' asingemvua."

Akanitazama sana. Halafu akasema samaki wa leo ni wadogo.

Basi jibu langu ni hili, tutakuja. Lakini si baridi ikiwa kali. Tafuta tuje majani yakiwa yameota, mtoto aizoee baridi kidogo kidogo ikija. Na kabla ya hapo niandikie: chumba chako kinapashwa na nini, na stima ikikatika mnafanyaje, na hospitali mtu anaweza kuifikia kwa miguu? Usiandike ya kunichekesha, andika yalivyo, kwa sababu nitamsomea Mama yote. Achieng' anaijua sura yako ya kwenye picha, anaipa uji halafu anakasirika haili. Mimi nakukumbuka zaidi jioni, nikifunga mlango. Nikifika huko waya wa gari nitauchomeka mimi, wewe kazi yako iwe kuchomoa.

Kaa vizuri mpaka tuonane, na usivae soksi zenye unyevu. Mama amefika sasa hivi, amekaa mlangoni na mfuko wa uzi mwekundu wa sweta, sijui kina mama wa kanisa ndio wamempa. Hajanisalimia. Ananiita, anasema nimwamshe mtoto apimwe mikono, eti sweta ya huku inaishia kwenye kiwiko cha mkono, ya huko lazima ifunike mpaka vidole, na anataka nikuulize kama shingo aifunge kwa vifungo au kwa kamba. Naishia hapa, nikamwamshe mtoto.