Ndoano ya Korosho Juu ya Jukwaa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Newala

Jina: Mwanakombo Abdulrazaki. Umri: miaka 36. Kazi: mwalimu wa sekondari, mwenye shahada ya sanaa za maonyesho. Makazi: Makote.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, asubuhi, nilikuwa katika ukumbi wa Bw. Ladislaus Erasto, nikisimamia maandalizi ya tamasha la kwaya. Taa na spika zilipaswa kuning'inizwa kwenye boriti ya chuma, juu ya waimbaji. Kwa kazi hiyo nilikuwa nimenunua Masasi pingu za chuma za kuning'inizia mizigo, zinazofungwa kwa pini ya skrubu. Nilimkuta Bw. Ladislaus ameshatundika spika moja kwa ndoano ya mizani ya korosho, ambayo mdomo wake uko wazi.

Nilimweleza kwamba gunia hutulia likipimwa, lakini spika hutetema muda wote inapolia, na kitanzi chake kinaweza kupanda hadi mdomoni mwa ndoano kikachomoka. Alicheka mbele ya mafundi.

"Ndoano hii imebeba korosho za Mnyambe nzima, Mama Naima. Chuo kikuu kimekufundisha kuogopa spika?"

Nilimjibu, "Baba Dunstan, chini ya gunia hasimami mtu."

Aliniamuru nitoke. Pingu zangu zilibaki ndani.

Alasiri, kwaya ikiimba, nilikuwa nje dirishani. Spika ilimwangukia Bi. Scholastika, mwimbaji, begani. Niliingia kumsaidia. Juu niliiona ndoano ikining'inia tupu, nzima, haijanyooka. Tulimpeleka hospitali. Mpaka leo hawezi kuinua mkono.

Niliporudi jioni, mahali pa ndoano palikuwa na pingu yangu moja. Bw. Ladislaus alikuwa akiwaonyesha watu.

"Chuma alichokichagua mwalimu ndicho kilichomvunja Scholastika."

Sikumwona akibadilisha. Nakiri pia kwamba simpendi, na chuki yaweza kumwonyesha mtu kile anachotaka kukiona. Nimejiuliza kama kweli niliiona ndoano ile. Hata hivyo, pini ya pingu ilikuwa imekazwa hadi mwisho, na kitanzi cha spika hakikukatika. Kama pingu hiyo ndiyo iliyoibeba spika, naomba aeleze spika ilitokaje.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu, pamoja na mashaka yaliyomo.

Sahihi: M. Abdulrazaki

Maelezo ya mpokeaji, WP Koplo Emilia: Nimefika ukumbini. Pingu nimeichukua kama kielelezo. Ndani haina mkwaruzo wa kitu kilichoning'inia na kutetema. Bw. Ladislaus amesema ukumbi wake haujawahi kuwa na ndoano. Fundi wake, Ambrosi, aliyekuwa akisikiliza, ameomba naye aandikwe maelezo.