Jepkemboi, Uliyewatoa Wagonjwa Hofu ya Mionzi

Ni mwaka mmoja sasa tangu mvua ya Novemba ikukute barabarani, Jepkemboi, ukitoka kazini. Gari liliteleza likaingia mtaroni, na chakula chako kikalala mezani nyumbani Kanduyi bila mwenyewe.

Ulizaliwa Kitale kwa Mzee Kipketer, ukaolewa Bungoma. Kibukusu chako kiliwavunja mbavu wakwe, nawe ukaendelea kukiongea vivyo hivyo, ukicheka kuwashinda.

Ulikuwa ungali unasomea tiba ya mionzi wakati Kukhu, mama wa mume wako, alipougua saratani. Walimlaza peke yake chumbani, mlango ukafungwa, mtambo ukaanza kumzunguka. Akaamini anachomwa akiwa hai. "Sirudi huko," alisema. "Mniache nife na ngozi yangu." Hakuyaona mavuno ya mwaka ule. Ulilia jikoni ukimwambia Makokha, mumeo, "Hakuna mtu alimwonyesha kile chumba mapema. Hata mimi ningetoroka."

Ndipo ulipoanza ile kazi ya miwani ya kompyuta. Mtu akiivaa anaona chumba chote, kitanda, mtambo ukizunguka na kunguruma, na hakuna mwale hata mmoja unaomgusa. Ulipohitimu ukawa mwalimu, wanafunzi wako walijifunzia humo kumlaza mgonjwa sawasawa. "Koseeni hapa," uliwaambia. "Hapa hakuna wa kuumia." Na jioni uliwatumia wagonjwa sauti kwa simu: umekula? Shingo inawasha? Usipake mafuta yoyote kabla hujaniuliza.

Wabwile wa Sirisia alikuwa na uvimbe shingoni. Alipoona kinyago cha plastiki cha kumshikilia kichwa, alitoroka. Siku yako ya mapumziko ulimfuata hadi kwake, ukamvisha miwani hapo uani, watoto wakichungulia. Alikamata kiti kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Kumbe ni hii tu? Ati hii ndiyo nilikuwa natoroka, bana?" Alirudi, akamaliza matibabu, akapona. Siku ya mazishi yako alipewa kipaza sauti. Alikirudisha, akachukua sepetu akajiunga na waliofukia kaburi.

Ulikuwa umepanga kuizungusha miwani hospitali ya Lugulu, kisha Kitale kwenu. Miwani mipya ilifika wiki tuliyokuzika. Mwanafunzi wako Leila aliichukua, na anafundisha nayo vizuri. Lakini anatuambia wapo wagonjwa ambao bado wanatoroka, na yeye hana ule ucheshi wako wa kuwarudisha. Hilo ndilo linalotuuma.

Mwezi wa nane Makokha alimsindikiza jirani hospitalini. Mama mmoja aliyeketi kando yake alikuwa akisikiliza kwa simu rekodi ambayo Leila huwatumia wagonjwa wapya, na sauti ilikuwa yako: "Usiogope, mama. Mlango ukifungwa niko nje, nakuona kwenye skrini. Inua mkono tu, nitasimamisha mtambo."

Yule mama akamgeukia. "Huyu daktari anaongea vizuri sana. Leo yuko?"

"Leo hayuko," Makokha alijibu. Akainuka, akaenda kusimama nje kwenye mvua.

Unakumbukwa na mume wako Makokha, wanao Nanjala na Kibet, baba yako Mzee Kipketer, dada yako Chesang, wakwe zako wa Kanduyi, na Wabwile, ambaye ameomba jina lake liandikwe pamoja na majina ya jamaa.

Tulikuhitaji bado, Jepkemboi. Daima tutakukumbuka.