Mshika Tochi

Jumatatu, 4 Machi

Mashine ya kukaushia nguo, draya yetu, imekufa. Si kufa kabisa — inazunguka, inanguruma, inajifanya iko kazini, lakini joto hamna. Imezungusha mashuka saa nzima, yametoka kama yalivyoingia. Mvua nayo wiki ya tatu hii. Nguo ziko kwenye milango, kwenye viti, kwenye mgongo wa kochi. Nyumba nzima inanuka uvundo. Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka.

Nimemwambia mzee wangu tukinywa chai. Macho yakamng'aa! Tangu astaafu mwaka juzi sijamwona hivyo. Miaka thelathini na moja ameangalia mashine za chumba cha kufulia cha hoteli, zile kubwa ambazo mtu mzima anaweza kulala ndani. Ya nyumbani mlango wake unafungwa kwa kugongwa na goti, mwaka wa pili sasa. Mganga hajigangi. Amesema nisiguse kitu, kesho ataifungua mwenyewe, nami nijiandae. Najua maana yake. Katika ndoa hii cheo changu ni Mshika Tochi. Ananiita hivyo hata mbele za watu.

Jumanne, 5 Machi

Nimerudi kutoka zahanati ya meno saa kumi na moja na robo, miguu imevimba. Meno ya watu yananiua mimi, na mimi kazi yangu ni kupokea simu tu! Nimemkuta ameshapanga vifaa sakafuni juu ya taulo: bisibisi, koleo, testa. Mkaguzi amekaa pembeni yake. Mkaguzi ni mjukuu wetu, ana miaka minne na hapitwi na kitu. Chekechea wanamleta saa saba, babu yake anakaa naye mpaka mama yake atoke kazini aje kumchukua. Mimi nakuja kukuta wawili hawa wameshaendesha nchi.

Somo likaanza. Fundi mzuri anaanza na kitu cha bure, ndivyo alivyokuwa akiwafundisha vijana wake. Angalia plagi. Angalia chujio la nyuzi mlangoni. Angalia bomba la kutolea hewa. Ukikosa hapo ndipo ufungue. Mkaguzi akahesabu skrubu za mgongoni: nane. Mimi nikamulika.

Ilikuwa bomba. Akachomoa kutoka ndani nyuzi na vumbi za miaka, unaweza kujaza mto. Hewa moto ilikosa pa kutokea, mashine ikajipika yenyewe, na fyuzi ya joto ikakatika. Akanionyesha, kidude kidogo cheupe. Hii inakufa ili nyumba isife, akasema. Tunanunua mpya, hakuna njia ya mkato. Akaandika namba yake kwenye kiganja kwa kalamu.

Siku nzuri. Nimesahau miguu.

Alhamisi, 7 Machi

Amekwenda dukani asubuhi, kwa mguu, kwenye mvua. Amerudi na mkanda. Ule wa kuzungushia pipa.

Nikasema si ulitaka fyuzi? Akasema mkanda ndio mbovu. Nikasema mkanda mzima, pipa linazunguka. Akaniuliza tangu lini namfundisha kazi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Namba bado iko kiganjani, nimeiona alipokuwa anavunja mkate.

Mtu akitoka dukani amelowa, anaweza kukosea kitu. Mimi mwenyewe juzi nimempa mgonjwa miadi ya Jumapili, siku tunayofunga.

Ijumaa, 8 Machi

Mashine imefunguliwa tena. Skrubu zimo ndani ya kikombe cha Mkaguzi. Akaniita, njoo na tochi. Nikaja na koti bado mwilini.

Akaniuliza kama najua amegundua nini. Bomba limeziba! Hewa moto haina pa kutokea. Maneno yaleyale ya Jumanne, na pale alipovuta pumzi Jumanne ndipo alipovuta pumzi leo. Bomba lilikuwa safi, nalimulika, naona mpaka mwisho wake. Mkaguzi akasema, "Babu, hiyo tulishafanya." Babu akacheka, akamwambia fundi mzuri anaangalia mara mbili.

Nikasema kumbe! Ndicho nilichosema. Kumbe. Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na tano na nimemjibu kama mteja wa kwenye simu.

Jumapili, 10 Machi

Draya inafanya kazi. Inafanya kweli! Mashuka yametoka moto mpaka nimeyaachia. Mzee ameingia jikoni akitembea kama mwenye nyumba za kupangisha. Nikamuuliza fyuzi ameipata wapi, akasema fundi haulizwi jikoni kwake. Jikoni kwake!

Binti yetu amekuja kula. Akamsifu baba yake, akasema kuna watu wazima wanalipa pesa kwa kazi kama hiyo. Amechoka na yeye, maskini, macho yameingia ndani. Shifti mbili za ziada kwa wiki anafanya sasa. Alipokuwa anaosha vyombo aliniambia kitu kimoja kinachompa usingizi ni kujua mtoto yuko na babu. Nikaendelea kufuta sahani. Ijumaa ilikuwa mdomoni kabisa, nikaimeza.

Jumatatu, 11 Machi

Vifungo vya sare yangu vimeyeyuka. Vyote vitano, vimelala kwenye kitambaa. Na jikoni kuna harufu ya kuungua iliyoanza jana, nami nikaisingizia mkate.

Alipoingia kuoga nimechomoa plagi na kufungua mgongo mwenyewe. Skrubu zilikuwa tano. Tochi nimeishika kwa meno.

Pale penye fyuzi pana waya. Kipande cha waya wa shaba, kimeunganisha upande huu na huu, kimefungwa utepe mweusi vizuri, pembe zimekatwa. Usafi ule ni wa mtu mmoja tu. Fyuzi imerukwa. Mashine inaweza kupata moto itakavyo na hakuna cha kuizuia.

Mwanaume huyu! Kuna mwenzake kule hotelini aliwahi kuunga waya namna ile kwa sababu wageni walikuwa wanasubiri mataulo. Mzee alikaa miaka miwili bila kumpa mkono. Aliniambia mtu wa hivyo ni muuaji ambaye bado hajapata maiti.

Na kila mchana yuko humu ndani na mtoto wa miaka minne.

Nimefunga mgongo. Nimemwambia umeme ni mdogo wiki hii, draya ipumzike. Amekubali bila swali. Zamani angechukua testa apime. Nimelia kidogo, nikaanika sare bafuni.

Jumatano, 13 Machi

Miwani, yule kijana wa mzee wa hotelini, amekuja zahanati wakati wa mapumziko. Nilimpigia jana. Alianza kazi chini ya mzee akiwa na miaka kumi na tisa, leo ana mvi na ndiye mkubwa wa chumba kile cha kufulia. Tumekaa kwenye viti vya wagonjwa. Nikamweleza mkanda, bomba, waya.

Kwenye waya alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, utanisamehe."

Kumbe wao wanajua! Mwaka wake wa mwisho wote walikuwa wanapita nyuma yake. Akifunga mashine, akiondoka, mmoja anarudi kukaza alichosahau. Mara akaacha bisibisi ndani ya pipa. Mara akamwita Miwani kwa jina la mtu aliyekwishakufa. Hawakumwambia bosi, hawakuniambia mimi. Walimpenda. Walitaka astaafu na heshima yake. Funika kombe mwanaharamu apite.

Nilitaka kumkasirikia. Nimekosa nguvu, na haki pia sina. Mimi ninafunika tangu Ijumaa.

Atakuja kesho, kama anasalimia tu, na fyuzi mfukoni. Akasimama, akavaa miwani, ndipo akauliza mtoto anakaa na nani mchana. Nikamwambia. Akabaki ananitazama. Simu ikaita, nikaenda kuipokea, nikamwacha amesimama.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Najua. Naijua methali hiyo tangu shuleni. Lakini nikisema, binti atamchukua mtoto, na lazima amchukue. Na siku mtoto akiondoka, mzee ataamka asubuhi aamkie nini?

Alhamisi, 14 Machi

Saa kumi na moja na dakika arobaini. Niko chumbani, nimefunga mlango. Naandika haraka.

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Miwani amefika saa kumi. Mzee amefurahi, amemkumbatia, amempa kiti chake mwenyewe. Amemuuliza habari za watoto, baada ya muda kidogo akamuuliza tena. Miwani alijibu mara zote mbili kama swali jipya. Kisha akasema, kwa upole, kwamba amesikia draya inasumbua, wakaiangalie wote. Mzee akaniita nimulike.

Mgongo ukafunguka. Mzee akauona ule waya kabla yetu.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Akauliza nani amefanya upumbavu huu nyumbani kwake, penye mtoto. Miwani akaangalia chini. Mkaguzi akamwangalia babu yake, akafungua mdomo kusema. Anajua! Alikuwepo! Na hapohapo binti yetu akaingia na mwavuli, akasimama mlangoni.

"Ni mimi," nikasema. "Niliita fundi wa mtaani."

Limetoka lenyewe. Sikulipanga. Nilitaka tu uso ule utulie.

Mzee akatulia. Akanihurumia hata, akasema nisirudie, ningemsubiri yeye. Miwani akaweka fyuzi, akaosha mikono. Nikamsindikiza. Getini akasema amebadilisha kilichoweza kubadilishwa. Akaondoka kwenye mvua bila kugeuka.

Niliporudi binti akanivuta kwenye korido. Ana huruma mtoto yule. Akanishika mikono, akaniuliza tangu lini nimeanza kusahau vitu. Vifungo vya sare ameviona. Baba amemwambia wiki hii nilidai umeme mdogo na umeme haukuwa na shida yoyote. Na kumwita mtu wa mtaani, mimi, mke wa fundi! Akasema niende nikapimwe, atanisindikiza. Akasema nisiwe na wasiwasi kuhusu mtoto. Ameshaongea na baba. Kuanzia wiki ijayo, shifti za usiku, mtoto atalala hapa, na baba amekubali kuwaangalia wote wawili. Mtoto na mimi.

Nikamwambia naingia kubadilisha nguo.

Sasa nasikia kila kitu. Mzee anamwimbia mtoto huku anamvisha viatu. Anaimba vizuri, maneno yote yako sawa. Mwavuli umefunguliwa. Binti anasema, "Mama, sisi tunaondoka." Sauti yake ni ile ninayoitumia mimi kwa wagonjwa wazee.

Nimesema nakuja. Nimeshasema mara mbili. Kitasa kiko mkononi, kalamu iko mkono wa pili, na mzee ananiita kwa cheo changu, anasema njoo umuage mtoto, na mimi